Kipa Aliyekaa Golini Wakati wa Mapumziko

Kuna picha moja nimeihamisha kutoka simu hadi simu kwa miaka kadhaa sasa. Haina bao wala kombe. Kuna jamaa mwenye masharubu na nywele timutimu, ameketi chini, mgongo kauegemeza kwenye mwamba wa goli. Nyuma yake jukwaa limejaa watu. Uwanjani yuko peke yake.

Ilikuwa Goodison Park, 25 Agosti 1990, siku ya kwanza ya msimu. Everton walikuwa nyumbani dhidi ya Leeds United waliokuwa wamerudi ligi kuu baada ya miaka minane, na wageni hao wakawa wanawachapa wenyeji bila aibu. Mapumziko yakafika. Wachezaji wote wako vyumbani na kocha Colin Harvey, isipokuwa kipa. Yeye alitoka, akarudi golini kwake, akakaa. Mechi iliisha 3-2, Leeds wakaondoka na ushindi. Kesho yake magazeti hayakuwa na habari nyingine: Neville Southall kagoma. Msimu huo alikuwa ameshaonyesha anataka kuhama, kwa hiyo kila mtu akaunganisha nukta zake. Klabu ikampiga faini. Mwenyewe maelezo yake miaka yote yamekuwa mafupi: alitaka kutuliza akili.

Mimi namwamini, na nina sababu.

Nimedaka mpira wa mchangani kwa miaka sita. Ndondo, zile za jezi za kuazima na mshindi anapewa mbuzi. Siku moja, nusu fainali, mpira ulikuja taratibu kabisa, unadunda dunda kama mtoto anayetoka shule. Nikainama kuuokota, ukapita chini ya tumbo. Sijui mpaka leo ulipitaje. Tulitolewa kwa bao hilo. Kabla sijavua glavu nilishasikia jukwaani, yaani kwenye ule ukuta waliokuwa wamekalia, kwamba nimekula hela. Huku kwetu straika akikosa goli tupu ni bahati mbaya, lakini kipa akifungwa kizembe kauza mechi, au kuna hirizi upande wa pili iliyomfumba macho. Wiki mbili nilikuwa napita uchochoro wa nyuma ili nisipite kijiweni. Ningepewa nafasi ya kukaa dakika kumi na tano mahali ambapo hakuna mtu wa kuniambia kitu, ningeichagua hata kama ni katikati ya uwanja.

Jina la Southall nililipata uwanjani, ila si uwanja wa huko Liverpool, mji wa Everton. Ilikuwa 13 Julai 2017, Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Everton walikuja kucheza na Gor Mahia waliokuwa wametwaa kombe la SportPesa mwezi uliotangulia, hapa hapa Dar, kwenye fainali ya Wakenya watupu dhidi ya AFC Leopards. Timu zetu zilikuwa zimeshatolewa, tukabaki kuwashangilia majirani. Wayne Rooney, aliyekuwa amerudi Everton baada ya miaka 13 Manchester United, akapiga shuti la mbali sana na uwanja mzima ukasimama, hata tuliokuwa upande wa Gor. Jacques Tuyisenge akasawazisha, kisha kijana Kieran Dowell akafunga la ushindi, 2-1.

Pembeni yangu alikaa mzee mmoja kavaa kofia ya kiua. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, halafu akanyamaza hadi Rooney alipofunga. Watu wanaruka, yeye akatikisa kichwa. "Kijana, timu hii ilikuwa na kipa," akasema. "Sauzo. Sisi tulikuwa tunamsikia redioni, hatumwoni, lakini tulikuwa tunajua anavyodaka." Nikamuuliza, mzee, alikuwa Mwingereza? Akaniangalia kama nimemtukana ndugu yake. "Wa Wales yule."

Nilirudi nyumbani nikaanza kutafuta.

Neville Southall alizaliwa 16 Septemba 1958 Llandudno, mji wa pwani kaskazini mwa Wales, wa watalii na hoteli. Hakulelewa kwenye akademi yoyote ya kuzungumziwa. Alidaka timu za mitaani na za madaraja ya chini za eneo lake, na mchana alikuwa na kazi. Alizoa taka. Alikuwa saidia fundi, akibeba matofali. Aliosha vyombo mgahawani. Nikisoma habari zake naona Waingereza wanaipenda sana sehemu ya kuzoa taka, wanaisimulia kama hadithi ya sungura, maskini aliyegeuka mfalme. Kwa msomaji wa huku haina ajabu kubwa. Nusu ya makipa ninaowafahamu wana bodaboda. Kinachonivutia ni kwamba hakuwa na haraka ya kuiona kazi hiyo kama mkosi. Alikuwa na miaka 21 Bury walipomnunua kutoka Winsford United kwa pauni 6,000, mwaka 1980. Umri huo, vijana wengine wa ligi walishakuwa na misimu mitatu ya kulipwa. Mwaka uliofuata Howard Kendall akamchukua Everton kwa pauni 150,000.

Halafu tarehe 6 Novemba 1982.

Dabi ya Merseyside, yaani Everton na Liverpool, timu mbili za mji mmoja, Goodison, na Liverpool wanashinda 5-0. Ian Rush peke yake alifunga manne. Rush naye ni wa Wales, kutoka kaskazini ile ile. Walikuwa wanavaa jezi moja timu ya taifa. Fikiria hilo: mtu unayekula naye meza moja kambini anakuja kwenu, mbele ya mashabiki wako, anakutoboa mara nne. Beki wa kati wa Everton, Glenn Keeley, ambaye hiyo ndiyo ilikuwa mechi yake ya kwanza, alipewa kadi nyekundu, kwa hiyo Southall alibaki na ukuta wenye tundu. Hakuna aliyejali. Jim Arnold akarudishwa golini, na Januari kijana wa Llandudno akapelekwa kwa mkopo Port Vale, daraja la nne.

Huku kwetu hadithi za makipa wengi huishia hapo hapo. Anapelekwa mkoani, anadaka msimu mmoja, mwisho unamkuta anauza vifaa vya simu. Southall alidaka mechi zake za Port Vale, akarudi, akaendelea kufanya mazoezi. Wote waliocheza naye wanalizungumzia jambo hilo: mazoezi. Alikuwa wa kwanza kufika na alikuwa hataki mtu amfunge hata kwenye mchezo wa watano watano. Hakunywa pombe, katika zama ambazo baa ilikuwa karibu sehemu ya programu ya mazoezi ya mpira wa England. Msimu wa 1983-84 akalirudisha goli lake mwenyewe. Mei 1984 Everton wakaifunga Watford 2-0 Wembley na kuchukua Kombe la FA.

Msimu uliofuata ndio uliofanya wazee kama yule wa kofia ya kiua wakumbuke jina.

Nenda kaitafute video ya 3 Aprili 1985, White Hart Lane. Everton na Tottenham wanagombea ubingwa na zimebaki wiki chache. Everton wanaongoza 2-1. Mpira unamiminwa ndani, Mark Falco anaruka na kupiga kichwa akiwa karibu na goli kiasi cha kusoma chapa ya jezi ya kipa. Mpira unaelekea juu, chini kidogo tu ya mtambaa panya. Mashabiki nyuma ya goli wameshainua mikono. Southall anapaa, anausukuma juu ya goli, inakuwa kona. Mechi ikaisha 2-1. Everton wakawa mabingwa kwa pointi 90, Liverpool wa pili wakiwa na 77. Waandishi wa mpira wa England walimpa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka. Makipa waliowahi kuipata ni wanne: Bert Trautmann, Gordon Banks, Pat Jennings na yeye. Miaka arobaini imepita na bado wako wanne.

Nimeirudia video hiyo mara nyingi, tena nikiipunguza kasi. Watu huangalia mkono. Mimi naangalia miguu. Kabla Falco hajagusa mpira, Southall ameshapiga hatua mbili ndogo za pembeni, kama mtu anayejisogeza kwenye foleni. Hizo hatua ndizo zilizodaka mpira, mkono ulikwenda kuchukua tu. Kipa yeyote wa mchangani atakwambia tunafungwa miguuni kabla ya kufungwa mikononi. Siku ya bao langu la tumbo miguu yangu ilikuwa imesimama kama nguzo za umeme.

Aprili hiyo hiyo Everton waliwatoa Bayern Munich nusu fainali ya Kombe la Washindi, 3-1 Goodison, kisha tarehe 15 Mei wakawafunga Rapid Vienna 3-1 mjini Rotterdam. Siku tatu baadaye wakafika Wembley, fainali ya Kombe la FA, miguu imekwisha, na Norman Whiteside wa Manchester United akazungusha mpira ukampita Southall kwenye muda wa nyongeza. Halafu tarehe 29 likatokea la Heysel, Brussels, kwenye fainali iliyowahusu Liverpool na Juventus. Watu 39 walikufa. Klabu za England zikafungiwa Ulaya, na Everton, timu bora kabisa ya wakati ule, haikupata kucheza Kombe la Mabingwa. Ndiyo maana ukiwauliza vijana wa leo kipa bora wa miaka ya themanini watakutajia Wajerumani na Wabelgiji. Huyu hawakumwona Ulaya. Na Kombe la Dunia je?

Hapo inabidi tuzungumzie Wales.

Southall aliidakia Wales mechi 92, rekodi iliyodumu hadi Chris Gunter alipoivuka mwaka 2018. Katika mechi zote hizo hakucheza hata mashindano makubwa mamoja. Wales walikuwa wameshiriki Kombe la Dunia la 1958, mwaka aliozaliwa, na hawakuonekana tena kwenye mashindano makubwa hadi Euro 2016. Ni kama alizaliwa basi likiwa linaondoka, akastaafu kabla la pili halijafika. Na haikuwa timu ya kuokoteza: mbele yake alikuwapo Rush, alikuwapo Mark Hughes, baadaye Ryan Giggs. Juni 1991 waliwafunga Wajerumani, mabingwa wa dunia, 1-0 Cardiff. Mfungaji Rush. Yule yule wa mabao manne.

Lakini kila walipobakiza hatua moja, kitu kilitokea. Septemba 1985, Ninian Park, walihitaji kuifunga Scotland. Hughes akafunga mapema. Zikiwa zimebaki kama dakika kumi Scotland wakapewa penalti, Davie Cooper akaiweka, 1-1. Usiku huo huo kocha wa Scotland, Jock Stein, alianguka pembeni ya uwanja na kufariki. Machi 1986, Dublin, akiichezea Wales kwenye uwanja wa raga uliochimbika, Southall aliumia vibaya kifundo cha mguu. Everton wakamaliza msimu bila yeye, wakakosa ligi na kombe, vyote vikaenda kwa Liverpool. Alirudi na mwaka 1987 wakachukua ubingwa tena.

Na 17 Novemba 1993. Nimeichelewesha makusudi.

Wales dhidi ya Romania, Cardiff Arms Park. Wakishinda, wanakwenda Marekani kucheza Kombe la Dunia la 1994. Southall ana miaka 35. Dakika ya 32 Gheorghe Hagi anakata kutoka kulia, anapiga mkwaju wa chini, wa mbali. Southall analala. Mpira unapita chini yake.

Chini yake! Mara ya kwanza kuiona niliweka simu chini. Mtu aliyempangua Falco, mbele ya nchi nzima, kapitishiwa mpira chini ya mwili kama mimi kwenye ndondo ya mbuzi. Dean Saunders akasawazisha kipindi cha pili, muda mfupi baadaye Wales wakapata penalti, Paul Bodin akaigongesha mtambaa panya. Romania wakaongeza la pili kupitia Florin Răducioiu, 2-1. Baada ya filimbi ya mwisho fataki iliyorushwa kutoka upande mmoja wa uwanja ikamuua shabiki mzee aliyekuwa upande wa pili, kwa hiyo usiku ule hata majonzi ya mpira yalikosa pa kukaa.

Tangu hapo Wales nzima inamkumbuka Bodin, na nadhani wanamwonea. Penalti ile ilikuwa inahitajika kwa sababu bao la Hagi liliingia. Southall hajawahi kujificha nyuma ya Bodin. Nilichokitafuta mimi ni alifanya nini wiki iliyofuata, na jibu halisisimui: alidaka. Everton msimu ule walinusurika kushuka daraja siku ya mwisho, na kipa alikuwa yeye.

Mashabiki wakikusanyika kutaja kazi zake bora watakwambia Falco. Watakwambia fainali ya FA ya 1995, Everton dhidi ya Manchester United. Paul Rideout kafunga kwa kichwa kipindi cha kwanza, United wanashambulia kama nyuki, Paul Scholes anabaki na kipa. Southall anazuia, mpira unamrudia Scholes, anapiga tena, Southall anazuia tena akiwa bado chini. Alikuwa na miaka 36, mtu pekee uwanjani aliyebaki kutoka kikosi cha kombe cha 1984. Mechi ikaisha 1-0. Wenzake wakaenda kwenye sherehe, yeye akawasha gari akarudi kwake.

Mimi nachagua nyingine. Eindhoven, Novemba 1996, Uholanzi 7 Wales 1. Dennis Bergkamp alifunga matatu. Ukisoma matokeo tu utasema kipa alikuwa amelala. Tazama mechi. Waholanzi wanamiminika kutoka kila kona, mabeki wa Wales wameshakata tamaa kipindi cha kwanza, na yule mzee wa miaka 38 anaokoa, anainuka, anaokoa, anainuka. Bila yeye ingekuwa kumi na zaidi. Hakuna tuzo ya kufungwa saba. Hakuna anayemrudisha nyumbani kipa wa namna hiyo mabegani. Ila ukiwahi kusimama golini timu yako ikiwa imefungwa mengi, dakika ya sabini, unajua ni rahisi kiasi gani kuacha mkono uchelewe kidogo. Hakuna atakayekuona. Yeye hakuuchelewesha.

Mechi yake ya mwisho Wales ilikuwa Istanbul, Agosti 1997, walipofungwa na Uturuki 6-4. Everton aliichezea mara 751, hakuna aliyemfikia. Baadaye akapita Stoke, akadaka Torquay, chini kabisa, jezi ikiwa imemkaza tumboni, bila kuonekana kushtushwa na kwamba ameshuka.

Baada ya mpira ndiko wengi wa rika langu walikomjulia, maana wako mitandaoni. Alikwenda kufanya kazi Ebbw Vale, kusini mwa Wales, mji wa zamani wa chuma, kwenye elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu na wale ambao shule za kawaida zimeshindwana nao. Na Twitter, ambako wachezaji wastaafu wengi hutangaza kamari, yeye alianza kuazima akaunti yake. Jioni fulani anaikabidhi kwa kikundi cha watu wanaopambana na uraibu, jioni nyingine kwa wanaosaidia waliotaka kujiua, jioni nyingine kwa wanawake wanaouza miili, waeleze maisha yao wenyewe kwa maneno yao mbele ya wafuasi wake wote. Kuna aliowaudhi, nilisoma majibu ya watu. Wapo wa kwetu ambao wangemfunga spidi gavana. Yeye aliendelea kukabidhi funguo na kukaa pembeni.

Niliwahi kumweleza haya mdogo wangu, naye kipa, baada ya kufungwa bao la tobo kwenye mechi ya shule na kugoma kula. Alinisikiliza hadi mwisho. "Kaka, kwani yeye aliacha lini?" akaniuliza.

Ilibidi nimwambie kuhusu Bradford. Machi 2000 Bradford City walikuwa ligi kuu, wanapigania kutoshuka, makipa wao wakaumia. Wakamsimamisha Southall. Miaka 41 na nusu, mzito, mvi zimeanza, miaka zaidi ya miwili tangu adake mara ya mwisho kwenye ligi hiyo. Tarehe 12, Valley Parade, televisheni zikionyesha moja kwa moja, na watu wakicheka jinsi jezi ilivyomkaa. Alidaka dakika zote tisini. Bradford walifungwa 2-1.

Na Leeds.